Ufa wa Mwaka Jana

Fundi hakuanza na baiskeli. Alianza na mdomo wa bomba lililokatika. Aliufuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akaugeuza kwenye mwanga wa mlangoni kama mama anayekagua macho ya samaki aina ya mgebuka kabla ya kutaja bei, kisha akamwambia baba mdogo, "Mzee, hii haikukatika jana. Ilianza mwaka jana. Jana imemaliza tu."

Baba mdogo hakuipenda kauli hiyo. Alikuwa na maelezo yake, na ushahidi alikuwa nao gotini, umefungwa kitambaa. Alikuwa ametoka Ilagala kuelekea Simbo, huku kwetu Kigoma, na madumu manne ya mawese kwenye keria. Gurudumu la mbele likaingia shimoni, akasikia mlio kama wa tawi kavu, usukani ukalegea mikononi. Shimo ndilo lililovunja fremu. Kuna haja gani ya kutafuta mchawi mwingine?

Basi fundi akanionyesha mimi. Bomba la chini, lile linaloshuka kutoka shingo ya usukani hadi kwenye pedali, lilikuwa limekatika vidole vitatu nyuma ya shingo. Ule mkato ulikuwa na rangi mbili. Kwa juu, karibu theluthi moja ya mduara, chuma kilikuwa cheupe cha kijivu, chenye chenga kama sukari. Sehemu yote iliyobaki ilikuwa laini na ya kahawia iliyofifia. Ukiitazama kwa makini unaona mistari iliyopinda, mmoja nyuma ya mwingine, kama ile ambayo ziwa huiacha mchangani asubuhi maji yanaporudi nyuma.

Wahandisi wa nchi za mbali huiita mistari hiyo alama za ufukweni, na hapo wamepatia kabisa, ingawa sidhani kama wengi wao wameona ufuko wa Ziwa Tanganyika. Kila mstari ni mahali ufa ulipotua ukapumzika: labda wiki ambayo baiskeli ilikaa ndani, labda siku mzigo ulipobadilika. Sehemu ya kahawia imepata kutu kwa sababu hewa na maji viliingia humo miezi mingi. Sehemu yenye chenga ndiyo iliyobaki peke yake kubeba kazi ya bomba zima, na ndiyo iliyokatika jana kwa mkupuo. Shimo lilikuta theluthi moja ya fremu.

Sayansi ya jambo hili ilizaliwa kwenye reli. Tarehe 8 Mei 1842, treni iliyokuwa ikirudi Paris kutoka kwenye sherehe za Versailles ilikatika ekseli ya injini. Mabehewa yakapandana, moto ukawaka, na zaidi ya watu 50 wakafa, kwa kuwa milango ilikuwa imefungwa kwa nje. Ekseli ile haikuwa imebeba mzigo wa ajabu siku hiyo. Ilikuwa imebeba uleule wa kila siku. Watu walipotazama mkato waliona zile chenga, wakasema chuma kimebadilika tabia, kwamba mitikisiko imekigeuza kikawa kama mawe ya chumvi. Maelezo hayo yaliaminiwa kwa miaka mingi. Ubaya wake ni kwamba yanakunyima la kufanya: kama chuma chote kimeoza kwa ndani, utakagua nini?

Mwaka uliofuata Mskoti mmoja, William Rankine, alisema tutazame pale ekseli inapobadilika unene ghafla, penye kona kali, maana huko ndiko mikato inakoanzia. Lakini aliyelimaliza suala alikuwa mhandisi wa reli wa Kijerumani, August Wöhler. Kuanzia miaka ya 1850 hadi 1870 alitengeneza mashine zilizozungusha ekseli zikiwa zimekunjwa kidogo kwa mzigo, huku akihesabu mizunguko. Si mamia, mamilioni. Akakuta mambo mawili. La kwanza: mzigo mdogo, ambao ukiuweka mara moja chuma hakitikisiki, ukiurudia vya kutosha unakikata. La pili ni la faraja: kwa chuma cha aina hii upo mpaka, na mzigo ukibaki chini ya mpaka huo, unaweza kuurudia utakavyo na chuma kisikatike.

Neno lililoshika ni uchovu. Chuma kinachoka. Silipendi sana, kwa sababu mtu aliyechoka akilala anapona, na chuma hakiponi. Ufa uliotua wakati wa mvua huendelea pale ulipoachia wakati wa kiangazi.

Tumhesabie baba mdogo. Kwenye baiskeli kama ile Phoenix yake, mzunguko mmoja wa pedali humpeleka mtu kama mita 5. Tuseme anakwenda kilomita 30 na kurudi 30, mara mbili kwa wiki. Hizo ni kilomita 120, yaani mizunguko 24,000, na kila mzunguko una msukumo wa mguu wa kulia na wa kushoto: misukumo 48,000 kwa wiki. Kwa mwaka inakaribia milioni mbili na nusu. Kila msukumo unalisokota bomba la chini kidogo kushoto, kidogo kulia, kabla hatujahesabu shimo hata moja. Na nyuma yupo abiria asiyeshuka: dumu la lita 20 za mawese lina uzito wa kilo 18 hivi, madumu manne ni zaidi ya kilo 70. Wöhler alijenga mashine. Huku kwetu mashine ni barabara ya Simbo.

Lakini baiskeli za aina hiyo zimejaa Ilagala, zenye umri mkubwa kuliko waendeshaji wake, zinabeba mihogo na dagaa na mkaa, na fremu zake nzima. Ziko chini ya ule mpaka. Kwa nini hii ikatoka nje yake?

Fundi alipitisha ukucha upande wa chini wa mkato, mahali ambapo mistari yote ya ufukweni ilikuwa inaelekea kama mawimbi yaliyotoka kwenye jiwe moja. Palikuwa na kinundu kidogo cha kuchomelea, kikubwa kama punje ya hindi. Baba mdogo akakumbuka. Miaka miwili nyuma alikuwa amechomelewa kishikio cha pampu hapo. Kazi ya dakika mbili. Kishikio kilishaanguka zamani, pampu iliibwa, kinundu kikabaki.

Kwa hiyo aliyeiua fremu ni pampu.

Kulielewa hilo, mwangalie muuza kanga anapoitenganisha doti. Hakati kitambaa chote kwa mkasi. Anachanja kidogo pembeni, kisha anavuta kwa mikono miwili na kitambaa kinachanika chenyewe hadi mwisho. Bila chanjo ile angevuta hadi jioni. Nguvu za mikono yake hazikuongezeka. Zilikusanyika kwenye uzi mmoja ulio kwenye ncha ya chanjo, uzi huo ukikatika zinahamia kwa jirani yake. Mwaka 1913 mhandisi Mwingereza, Charles Inglis, alilipigia hesabu jambo hilo kwa mabamba ya chuma. Tundu la duara kwenye bamba pana linalovutwa huzidisha mvuto wa ukingoni mwake mara tatu. Tundu jembamba, lenye urefu mara kumi ya upana wake na lililolala kukatisha njia ya mvuto, huuzidisha mara 21. Ufa una ncha kali kuliko tundu lolote la kuchongwa, kwa hiyo jaza mwenyewe.

Kinundu cha kuchomelea kina kona, kina vishimo pembezoni, na chuma kilicho kando yake kilipata joto kali kikapoa ghafla, kikabaki kigumu na chenye mvutano uliofungiwa ndani. Pale mzigo wa kila siku ukavuka mpaka wa Wöhler, pale tu, penye upana wa punje ya hindi. Mwaka 1903 watafiti wawili, Ewing na Humfrey, walikuwa tayari wameonyesha kinachotokea mahali kama hapo. Walisugua kipande cha chuma hadi kikang'aa, wakakikunja na kukikunjua mara nyingi, na kila baada ya muda wakakitazama kwa hadubini. Tabaka nyembamba ndani ya chembe za chuma ziliteleza moja juu ya nyingine kama karata zinazochanganywa, lakini hazikurudi sawasawa zilipokuwa. Mistari ya kuteleza ikaongezeka, ikanenepa, na baadhi yake ikawa nyufa. Hakuna kilichooza ndani. Kila kitu kilianzia juu, kwenye ngozi ya chuma.

Nimesisitiza hilo la ngozi kwa sababu kila alichofanya fundi baadaye kilitoka humo.

Tuna methali yetu kuhusu kuziba ufa ili usije ukajenga ukuta. Nadhani ilitungwa na mtu wa nyumba za udongo, na kwa udongo ni ya kweli. Kwa chuma inaponza. Mafundi wengi hupitisha rodi ya umeme juu ya ufa, grenda ikasawazisha, rangi ikafunika, na mteja akaondoka ameridhika. Ufa umezibwa mdomo lakini ncha zake mbili zimebaki hai chini ya rangi, na sasa zimepakana na kinundu kipya, kikubwa kuliko kile cha pampu. Fremu ya namna hiyo hurudi baada ya miezi michache, imekatika kando ya kazi ya fundi, na fundi anajitetea kwamba mahali alipochomelea pamebaki imara. Anasema kweli. Ndiyo shida yenyewe.

Fundi wetu alitaka kwanza kujua ufa unaishia wapi. Alilikwaruza bomba rangi yote kwa msasa aliouloweka maji, kwa kuwa vumbi la rangi za zamani linaweza kuwa na risasi, na mwanawe mdogo alikuwa anacheza hapo jirani. Akalipaka mafuta ya taa, akaenda kunywa chai. Aliporudi akalifuta likauka kabisa, kisha akasugua chaki ya shuleni juu yake. Tukangoja. Polepole, kwenye upande ambao mimi ningeapa ni mzima, uzi mwembamba wa unyevu ukajichora kwenye weupe wa chaki, urefu wa kidole gumba. Mafuta yaliyokuwa yameingia ndani ya ufa yalikuwa yanatoka. Karakana za reli duniani zilikagua ekseli kwa njia hiyo zamani, mafuta na unga mweupe, kabla ya vifaa vya kisasa. Sikumuuliza fundi aliipata wapi. Reli imefika Kigoma tangu 1914, na ujuzi hupanda treni bila tiketi.

Mwisho wa uzi ule alitoboa tundu la milimita tatu. Ukimwona mtu anatoboa fremu iliyopasuka unaweza kudhani amerukwa na akili. Lakini rudi kwa Inglis: ncha kali imekuwa duara, na mvuto uliokusanyika kwenye uzi mmoja umegawanywa. Tundu halitibu, linasimamisha.

Kisha akakata kipande cha bomba jingine, pana kidogo, kiweze kuvaa juu ya lile lililovunjika kama soksi. Hakukata ncha zake wima. Alizichonga kwa tupa zikawa zimeachama, pembe mbili ndefu na bonde katikati, mdomo wa samaki kabisa. Ingekatwa wima, pale soksi inapoishia ugumu wa bomba ungebadilika ghafla kwenye pete moja, na pete hiyo ndiyo ingekuwa ufa wa mwakani. Ikiwa mdomo wa samaki, mzigo unaingia polepole, kwanza kwenye pembe, halafu zaidi, halafu wote. Rankine aliyasema hayo ya kona kali mwaka 1843. Fundi aliyasema kwa ufupi zaidi: "Chuma hakipendi kushtuliwa."

Kabla ya moto alifunga uzi kutoka chuma cha gurudumu la nyuma, ukazunguka shingo ya usukani, ukarudi upande wa pili, akapima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti kulia na kushoto. Zilipotofautiana aliinyoosha fremu kidogo kwa goti. Nafasi zikawa sawa. Mizani ya senti chache, na sijui nyingine iliyo bora.

Moto aliotumia ulikuwa wa gesi, na kilichoyeyuka kilikuwa shaba ya manjano, si chuma chenyewe. Fremu hizi kiwandani huungwa hivyohivyo: mabomba yanaingizwa kwenye soketi, shaba inayeyushwa, inanyonywa katikati kama chai inavyonyonywa na andazi. Chuma cha baiskeli huyeyuka kwenye nyuzi 1,500 za Selsiasi hivi. Shaba ya manjano huyeyuka karibu na 900. Bomba lenye unene unaozidi milimita moja kidogo tu likipigwa umeme na mkono usiotulia hutoboka, au huachwa na mfereji kando ya kazi. Kwa shaba halifiki hata karibu ya kuyeyuka. Boraksi iliyonyunyizwa inasafisha njia, shaba inakimbilia penye joto, na ukingoni inamalizikia kwa mteremko laini usio na kona. Jambo moja la kuogopa: shaba ya manjano ina zinki, na ikipashwa kupita kiasi hutoa moshi mweupe ambao ukiuvuta unakulaza usiku na homa inayofanana na malaria. Fundi alifanyia nje, upepo wa ziwa ukiwa mgongoni mwake. Mabomba ya maji yaliyopakwa zinki hataki hata kuyasikia kwenye moto.

Alikataa kitu kimoja tu. Uma wa mbele ulikuwa umepinda kwa ajali, na baba mdogo alitaka unyooshwe na uchomelewe. Fundi alisema atauuza kama chakavu. Bomba la chini likikatika unaumia goti. Uma ukikatika kwenye mteremko, kinachofika chini kwanza ni meno.

Ilibaki rangi, na hapo ndipo nilipodhani sayansi imekwisha na urembo umeanza. Kumbe hapana. Ule mpaka wa Wöhler una sharti ambalo watu walilitambua baadaye: ni mpaka wa chuma kikavu na safi. Chuma kinachopigwa na mzigo huku kikiliwa na kutu hakina mpaka. Kila kishimo cha kutu ni chanjo nyingine kwenye pindo la kanga. Rangi, kwa hiyo, ni sehemu ya nguvu ya fremu.

Na kutu yenyewe ina vitimbi. Miaka ya 1920, Ulick Evans wa Cambridge aliweka tone la maji ya chumvi juu ya bati la chuma akalitazama. Ungetegemea chuma kiliwe ukingoni mwa tone, penye hewa nyingi. Kililiwa katikati, penye hewa haba, na vumbi jekundu likajitokeza pembeni. Ndiyo sababu keria ya baba mdogo, chini ya mipira ya kufungia madumu, ilikuwa imechimbika vibaya kuliko sehemu zinazopigwa na mvua waziwazi. Unyevu unajificha chini ya mpira, hewa haifiki, na chuma kinaliwa gizani. Wanaobeba chumvi ya Uvinza kwenye magunia wanalijua hili kwa hasara.

Mimi nilisema kwa ujanja kwamba fremu iliyotapakaa mawese haiwezi kushika kutu. Nusu ilikuwa kweli. Viwanda vya bati vya Wales, enzi zake, vilitumia mawese kutoka Afrika Magharibi kukinga bamba za chuma zisiguswe na hewa kabla ya kuzamishwa kwenye bati iliyoyeyuka. Na hapa jirani, penye mdomo wa mto Malagarasi, Wajerumani waliizamisha kwa makusudi meli yao Graf von Götzen tarehe 26 Julai 1916, baada ya kuzipaka injini grisi nene ili siku moja waje waichukue. Hawakuja wao. Wabelgiji waliiibua ikazama tena, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Grisi ilikuwa imefanya kazi yake chini ya maji miaka yote hiyo.

"Sawa," fundi akasema, "lakini rangi haishiki juu ya mawese." Akaniachia ndoo, sabuni na brashi ya waya. Niliosha mara tatu, nikafuta kwa petroli, na kila nilipomletea kitambaa alikinusa. Mara ya nne akanyamaza, nikajua kimekubaliwa. Ndipo akapaka ile rangi ya kwanza nyekundu ambayo kila geti la Tanzania linaijua. Wekundu wake unatokana na oksaidi ya chuma, yaani kutu iliyosagwa. Chuma kinalindwa na kutu iliyokwisha kushiba, iliyofungwa ndani ya utomvu unaozuia maji. Tabaka mbili nyembamba, kila moja ikauke, badala ya moja nene inayotiririka na kupasuka.

Baba mdogo alitaka nyeusi juu yake, kama zamani. Fundi alipaka nyeusi fremu nzima isipokuwa bomba la chini, kutoka shingo hadi nusu yake. Hapo alipaka nyeupe. Baba mdogo alilalamika kwamba ameharibiwa baiskeli, kwamba watoto wa kivukoni watamcheka, na walimcheka kweli, wakaiita pundamilia. Fundi hakubadili. Kwenye weusi ufa hauonekani mpaka umalize kazi. Kwenye weupe, kutu ikianza kutoka ndani ya ufa huchora uzi wa kahawia mwembamba kuliko unywele, miezi kabla.

Sasa kila Jumamosi, kabla ya kufunga madumu, baba mdogo anainama na kulifuta lile bomba jeupe kwa kidole gumba alichokilamba. Juzi aliniita kwa sauti ya haraka. Ulikuwepo mstari, wa rangi ya kahawia, karibu na pembe ya mdomo wa samaki. Akaukwaruza kwa ukucha, akaunusa, akaniangalia.

Yalikuwa mawese.